Pete ya Meya Zdravka

Mtaa ule unaitwa Mahala,
tangu enzi za masultani unaitwa hivyo,
na kwenye ramani ya manispaa haukuwa na mahala.
Palipakwa rangi ya kijani, safi,
kana kwamba watu elfu mbili ni malisho.

Mimi ni fundi chuma. Kerezo yangu iko nyuma ya stesheni.
Mto ni Danubi, ng'ambo ni Romania.
Miaka arobaini tumesalimiana nao kwa taa za madirisha tu.

Usiku ule wa Novemba Mahala paliwaka.
Gari letu la zimamoto lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu.
Likaja la ng'ambo:
dakika tisa darajani,
dakika thelathini na moja kizuizini,
dereva akitafutiwa muhuri.
Kapteni Pantelimon akaruka na mpira begani,
akauchomeka kwenye bomba letu.
Haukuingia.
Meno ya bomba lao si meno ya bomba letu.
Maji yalikuwepo. Gari lilikuwepo. Watu walikuwepo.
Kilichokosekana ni upana wa vidole viwili.
Nyumba tatu zikawa majivu, na cherehani ya Bibi Naile,
iliyomlisha yeye na wajukuu sita.

Asubuhi meya akaja karakanani,
viatu vimeganda tope jeusi.
Hakuwa na mlinzi. Alikuwa na kikapu cha sokoni,
akakimwaga juu ya benchi langu:
kichwa cha bomba letu, kichwa cha mpira wao.
"Rangel," akasema, "niozeshee hawa wawili."
Nikamuuliza, na mahari anatoa nani?
Akavua glavu, akahesabu noti za mshahara wake.
Nikamrudishia mbili.
Ningerudisha zote, lakini shaba ni ghali.

Baraza likakaa. Nami nilikuwepo, nyuma kabisa, kofia mapajani.
Diwani Botyo akasimama:
"Leo tunaazima maji, kesho tutaazima bendera!"
Kisha: "Na hawa wa Mahala, wanalipa kodi gani?
Barua ya kodi ipelekwe wapi, nyumba haina namba?"
Watu wakacheka.
Meya akamwambia, "Asante. Umeniandikia hoja."
Akaitua pete mezani, ikalia ngo,
kilo moja na robo.
"Upande huu inashika kwetu, upande huu inashika kwao.
Haimuulizi mtu lugha ya mama yake.
Na namba, naanza Jumatatu na mlango wa Naile,
mlango uliobaki bila nyumba."

Kura kumi kwa tisa.
Sitawadanganya kwamba makofi yalipigwa.

Jumatatu nilimwona kweli, ameshika kopo la rangi,
na Yashar, mjukuu wa Naile, ameshika brashi.
Namba saba aliigeuza, ikatazama nyuma.
Meya akasema iachwe hivyo hivyo, posta watazoea.

Siku hizi king'ora kikilia kizuizi hufunguka, hakuna muhuri.
Jumamosi ya kwanza ya mwezi wazimamoto wa pande mbili hufanya mazoezi,
na vijana sita wa Mahala wamevaa sare.
Maji kwetu ni voda, ng'ambo ni apa, Mahala ni pani.
Mpira ukichomoka,
wote hutoa tusi lile lile, la Kituruki.

Uchaguzi ni Jumapili hii.
Sura ya Botyo imebandikwa kwenye kila nguzo,
na basi la namba tano bado hugeuka kabla ya kufika Mahala.
Meya amewaandikia mara nne.
Sijui kama atapata nafasi ya tano.

Pete ya kwanza niliiharibu, ilizidi kwa nusu milimita.
Naikandamizia bili za umeme.
Yashar akitoka shule hupita, huiinua mpaka jichoni,
huelekea dirishani:
"Naiona Romania, mzee."
Namwambia aondoe kidole, anaziba nusu yake.